Ongeza Meno Mawili

Msimamizi wa mnara wa simu hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akiuzungusha ufunguo wa gari kidoleni, akakataa kiti, akakataa na maji, na mgeni akikataa maji ya nyumba yako ujue hakuja na habari njema.

"Kuanzia Jumatatu madumu ni matatu kwa safari," alisema. "Wamefunga mitambo mingine kule juu, jenereta sasa inakunywa kuliko walevi. Na mafuta yafike kabla ya saa sita mchana."

Dizeli alikuwa amelala chali mkekani, maana mgongo wake ulikuwa umegoma. Alijaribu kuinuka kwa heshima ya mgeni, akaishia kwenye kiwiko.

"Matatu yatafika, bosi."

"Kwa ile?"

Wote wakaangalia uani. Ilikuwa pikipiki ya milimani ya bei ya chini, imeiga ile ya wenye pesa mpaka rangi, ila jina kwenye tangi lilikuwa limekosewa herufi moja. Ekzosi yake ilikuwa imeziba kwa masizi na kufungwa waya. Cheni ilining'inia.

"Mzee, mimi sina ugomvi na wewe," msimamizi alisema. "Lakini mnara ukizima, simu za watu wote hapa zinakufa, na anayetukanwa ni mimi. Ukizima mara moja tu, namwita yule jamaa mwenye pikipiki kubwa. Ameshaniomba kazi, tena si mara moja."

Aliaga kwa kugonga fremu ya mlango mara mbili, kama mtu anayepiga hodi ya kuondoka badala ya kuingia.

Mke wa Dizeli alikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, na hazikumzuia kusikia neno hata moja. Watu walimwita Mama Cherehani. Mumewe walimwita Dizeli kwa sababu ya ile harufu isiyotoka kwa sabuni ya aina yoyote. Mtaa wote uliongea na simu kwa mgongo wa mtu huyu, na wengi wao hawakujua hata njia anayopita kupanda mlima. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa.

"Matatu utayapandisha na mgongo upi?" aliuliza.

"Tatizo si mgongo, ni pikipiki. Haina nguvu. Ikipata nguvu, mimi nakaa tu juu yake."

"Na isipopata?"

"Itapata. Sikiliza. Kesho ipeleke kwa yule fundi wa barabara kuu. Mwambie mambo mawili tu. Atoe hiyo ekzosi, aweke ile pana, injini ipumue. Na kwenye sproketi aongeze meno mawili. Basi. Usimwambie mengine. Wale ukiwapa maneno mengi, wanakupa bei ndefu."

Zamani Dizeli hakuhitaji kumweleza mtu. Alikuwa na fundi wake, mzee mmoja aliyeujua mlima kama alivyoijua mikono yake, na kwa fundi yule "ongeza meno" ilitosha, mengine aliyajua mwenyewe. Mzee alifariki akiwa na spana mfukoni, na tangu hapo Dizeli alikuwa akiifunga pikipiki yake kwa waya na kumwachia Mungu.

Pesa ilitoka kwenye vitambaa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amempa Mama Cherehani malipo ya mwanzo anunue kitambaa cha sare, na mwanamke huyu, ambaye hajawahi kugusa pesa ya mteja hata watoto wake walipolala na uji, aliitoa kwenye kopo, akaifunga kwenye pindo la nguo na kukaza fundo. Alijiambia kwamba mshahara wa mnara ukitoka atairudisha. Moyo wake haukukubali, lakini miguu ilikwenda.

Hakujua kuendesha, kwa hiyo aliisukuma pikipiki njia nzima, na kwenye barabara kuu vijana waliokaa juu ya pikipiki zao wakapata cha kuongea.

"Mama, unaitembeza ikajisaidie?"

"Muacheni, inajifunza kutembea!"

Alicheka nao, maana asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi.

Gereji ilikuwa banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa oili. Fundi alikuwa kijana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hakumsalimia mama kwanza, aliisalimia pikipiki.

"Hii nani kaiua?"

"Haijafa, mwanangu. Inaumwa."

"Haya, shikamoo mama. Inaumwa nini?"

"Marahaba. Baba watoto kasema utoe ekzosi, uweke ile pana. Na kwenye sproketi uongeze meno mawili."

Fundi aliinua kichwa. Alimwangalia mama, akaangalia ile pikipiki yenye jina lililokosewa, akatabasamu.

"Mawili! Kumbe mzee bado yumo. Anataka ikimbie, siyo?"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hakuna mhenga aliyewahi kusimama kwenye gereji ya wanaume akiwa na kilemba kilicholegea na vijana kumi wanamsikiliza. Mama Cherehani alitaka kuuliza, ikimbie vipi? Akaona jinsi watakavyocheka. Halafu kwake neno lile halikuwa geni. Cherehani ikishona kitambaa kizito bila kukwama wala kukata uzi, washonaji husema inakimbia. Hakuna cherehani nzuri isiyokimbia.

"Ndiyo," alisema. "Ikimbie."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, mchana kweupe, kwa maneno mawili yasiyo na ubaya wowote. Pikipiki ina sproketi mbili zinazounganishwa na cheni: ndogo iko mbele, inatoka kwenye injini, na kubwa iko nyuma, kwenye gurudumu. Ukiongeza meno nyuma, pikipiki inapata nguvu ya kupanda na inapoteza mbio. Ukiyaongeza mbele, inapata mbio na inapoteza nguvu. Wateja wa fundi huyu wote walikuwa watu wa lami, waliolipwa kwa kuwahi, na kwao kuongeza meno ni mbele tu. Tena meno mawili nyuma, kwa hesabu ya fundi, hata mtu hayasikii. Mawili mbele ndiyo kazi. Fundi hakumwibia wala hakumdanganya, alimpa alichokiomba kama alivyokielewa.

Alifunga sproketi mbili mpya, maana dukani huuzwa pamoja na cheni yake: ya nyuma ukubwa ule ule wa zamani, ya mbele kubwa zaidi. Vyuma vya zamani akabaki navyo, vikapunguza bei kidogo. Kisha akaiwasha. Ekzosi mpya ilinguruma mpaka mabati ya banda yakatetemeka, na wale vijana waliokuwa wakicheka wakapiga miluzi. Mama Cherehani alifungua fundo la pindo, akalipa. Kusema kweli alijisikia fahari.

Fundi aliirudisha pikipiki mwenyewe jioni, mama amekaa nyuma. Dizeli alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. Aliisikia kabla hajaiona, na uso wake ukafunguka.

"Ehee! Sasa inapumua!"

Alivuta mafuta ikiwa imesimama, mara moja, mara mbili. Jirani wa ukuta wa pili akapiga kelele kwamba wengine wana wagonjwa ndani. Dizeli aliizima huku anacheka, na mkewe akacheka pia, kwa kuwa ilikuwa siku nyingi hajamwona akicheka.

"Sproketi?" aliuliza.

"Kaweka mpya. Na cheni."

"Mulika nyuma nione."

Alimulika kwa simu. Dizeli alijaribu kuinama, mgongo ukamkamata katikati, akabaki amening'inia kwenye kiti cha pikipiki mpaka mkewe alipomnyoosha taratibu kwa kumkumbatia kwa nyuma.

"Inang'aa?" aliuliza kwa meno yaliyobanwa.

"Inang'aa kweli."

"Basi ndiyo hiyo."

"Nikuhesabie meno?"

"Uhesabu!" Alicheka tena, safari hii kwa uangalifu. "Kitu cha duara, utaanzia wapi? Utazunguka nayo mpaka asubuhi."

Akacheka na yeye. Ingetosha kuweka alama ya chaki kwenye jino moja tu, kama anavyoweka kwenye kitambaa kila siku ya maisha yake. Wazo hilo lilimpitia, akaliacha lipite, maana mtu anayecheka baada ya siku nyingi humkatizi kicheko chake.

Jumatatu asubuhi alimfunga mumewe kiunoni kwa mkanda aliomshonea usiku kwa turubai, tabaka tatu, akaukaza mpaka akalalamika. Kisha wakaenda ghalani, chini kabisa ya mlima, ambapo madumu yalikuwa yamepangwa ukutani. Mlinzi wa mnara alishapiga simu mara mbili.

"Shemeji, mwambie awahi. Humu yamebaki ya kunusa tu."

Mama Cherehani alisaidiana na mtu wa ghala kuyafunga madumu matatu, moja huku, moja huku, moja nyuma ya kiti. Dizeli alipanda kwa kuinua mguu kwa mikono yake mwenyewe, na mtu wa ghala akageuza uso pembeni, jambo lililomuuma mama kuliko kama angecheka.

Ilipoondoka ilisita, ikamwomba mafuta mengi kabla ya kukubali. Madumu matatu, alifikiri Dizeli, ndiyo uzito wenyewe. Ilipochanganya kwenye tambarare iliruka. Haikuwahi kwenda mbio vile. Alipunga mkono mmoja hewani bila kugeuka, akapotea kwenye vichaka.

Mama hakuondoka. Kwa ekzosi ile ya zamani asingesikia kitu, lakini hii mpya ilimpa habari zote. Aliisikia ikipita kona ya kwanza. Akaisikia ya pili, sauti imeshuka, nzito. Halafu ikafika kwenye mawe, pale njia inaposimama kama ngazi, ikaanza kukohoa. Ikanguruma kwa nguvu, akajua mumewe amevuta mafuta yote. Ikakohoa tena. Ikapiga kelele moja ndefu isiyo na mzigo, kelele ya gurudumu lililo hewani, kisha ikanyamaza.

Alisubiri iwake. Haikuwaka.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena, ikakatika katikati ya mlio, na alipopiga mara ya tatu hakukuwa na sauti ya aina yoyote. Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya kando ya ghala walikuwa wameinua simu zao juu, wanazigeuza huku na huku.

"Jamani, mtandao umekwenda wapi?"

"Si huyo Dizeli wao! Leo kalala."

"Mwanangu yuko safarini, nilikuwa naongea naye sasa hivi. Mijitu mingine haina hata huruma."

Mama Cherehani alivua kandambili, akazishika mkononi na kuanza kupanda.

Alimkuta amekaa, na kwa sekunde moja alimshukuru Mungu. Kisha akaona kwamba hakukaa kwa kupenda. Pikipiki ilikuwa imemlalia mguu, na ekzosi mpya, ile pana, ilikuwa imeegemea shavu la mguu wake. Madumu mawili yalikuwa yamepasuka. Dizeli alikuwa amelowa mafuta mpaka shingoni, na mawe yote yalikuwa yanateleza. Mama aliinua pikipiki kwa bega, sijui kwa nguvu gani, na mumewe akajivuta kwa mikono mpaka mguu ukatoka. Haukuwa umekaa kama mguu unavyokaa.

"Simu haishiki," alisema Dizeli. "Nimejaribu kukupigia. Haishiki."

"Najua."

Dizeli aliangalia pikipiki ilivyolala, upande wa cheni ukiwa juu. Kifuniko kilikuwa kimevunjwa na jiwe, na ndani sproketi ya mbele ilionekana, mpya, imenona.

"Ulimwambia nini yule fundi?"

"Ulivyonituma. Aongeze meno mawili."

"Nyuma."

"Hukusema nyuma."

Dizeli alikuwa anarudia maneno yake mwenyewe kichwani, na mkewe aliona kabisa alipofika mwisho na kukuta neno lile halimo.

"Nyuma ndiyo nguvu," alisema polepole. "Mbele ni mbio. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Mimi najua kushona. Akaniuliza kama unataka ikimbie. Watu walikuwa wananiangalia. Nikasema ndiyo, ikimbie."

Alingoja matusi. Angeyapokea yote, na pengine yangempunguzia. Lakini Dizeli alifuta uso wake kwa mkono uliojaa mafuta, akazidi kuuchafua.

"Dumu la tatu," alisema. "Limepasuka?"

"Hapana, ni zima."

"Lipeleke juu."

"Umepagawa? Na mguu huu?"

"Mguu utanisubiri. Yule msimamizi hatanisubiri. Likifika sasa hivi atasema tulichelewa tu. Mama watoto, nakuomba. Lipeleke."

Hajawahi kumwambia "nakuomba" tangu amwoe. Mama alisokota kilemba kikawa kata, akakiweka kichwani, akapiga goti kwenye mawe na kulipandisha dumu. Alipiga hatua akisikia pumzi ya mumewe nyuma yake, fupi fupi, na hakugeuka, kwa sababu angegeuka asingeendelea. Alipanda akilia, na dumu halikumwagika.

Mlinzi alimwona, akakimbia kumpokea. Walimimina pamoja. Mlinzi akawasha, jenereta ikazunguka, ikatweta, ikafa. Akawasha tena. Mara ya nne akaacha, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji, imekauka kabisa mpaka imemeza hewa. Hapa hata ungeleta pipa. Mpaka aje fundi wao aitoe."

"Jaribu tena."

"Shemeji."

"Nimesema jaribu tena!"

Akajaribu tena kwa ajili yake tu. Mnara ulisimama pale juu yao, mrefu, umenyamaza.

Walimshusha Dizeli juu ya mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha mlinzi. Wachimba mawe wanne waliubeba, na kila walipoteleza alikuwa akiwaambia poleni. Hospitali walimfunga plasta mpaka kwenye paja, wakampaka dawa pale alipoungua, wakasema kuhusu mgongo arudi siku nyingine. Msimamizi hakuja. Hakuleta mtu wala ujumbe, na simu, hata kama angetaka kuzitumia, zilikuwa zimekufa. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa kama watu waliokatwa ndimi. Pikipiki ilibaki mlimani, kisha mtu akasema haipo tena.

Siku ya pili baada ya ajali, wakisha kula chakula cha mchana, Dizeli alikuwa mkekani na mkewe kwenye cherehani, anashona viraka, maana kitambaa cha sare hakikuwepo. Pikipiki kubwa ilipita nje. Haikupiga kelele. Ilikuwa na sauti ya chini, nene, ya mashine iliyoshiba, na waliisikia ikielekea upande wa ghala na baadaye ikishika mlima, kona ya kwanza, ya pili, ikapita mawe bila kubadilisha hata gia. Dizeli aligeuza uso ukutani.

Muda ukapita. Kisha simu ya jirani ikalia, na ya mwingine, na watoto wakaanza kupiga kelele nje, umerudi, umerudi! Simu ya Mama Cherehani ilitetemeka juu ya meza ya cherehani, ujumbe ukiingia mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa mwalimu mkuu akiuliza sare zimefikia wapi. Kabla hajausoma wote, ikaita. Alikuwa dada yake Dizeli, aliyeolewa ng'ambo ya pili ya mlima. Alipokea bila kufikiri, na sauti ya wifi yake ikajaa chumba kizima.

"Wifi! Haya sasa, tumerudi duniani! Siku mbili hatuongei na mtu, mama mkwe anaumwa, hakuna wa kumpigia. Nilivyoona vile vimistari vimepanda nikawaambia watu wote hapa, mnaona? Huyo ni kaka yangu. Kapandisha mafuta. Na mgongo wake ule! Mungu ambariki jamani. Mpe simu nimshukuru mwenyewe."

Mama Cherehani alimtazama mumewe. Dizeli alikuwa amegeuka, anamwangalia na yeye, macho yake mekundu. Alitikisa kichwa mara moja, kukataa.

"Wifi? Unanisikia? Kaka yuko wapi?"

"Nakusikia, wifi," alisema. "Bado hajashuka mlimani."